Vua Gambuti Kabla ya Kushika Jicho

Vijana wangu wa vibanda vya simu, nyinyi mnaobadilisha skrini huku mkitafuna njugu, sogeeni karibu. Mimi nimestaafu. Mgongo umekataa benchi, na macho yangu siku hizi yanaona nyaya mbili mahali penye waya mmoja. Mdomo, asante Mungu, bado mzima.

Najua nikipita steji ya Kericho mnaniita Mama Solda halafu mnacheka. Chekeni tu. Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Mama, ni kweli zamani mashine ya CD ikiharibika mtu alikuwa anaitengeneza badala ya kutupa?" Nikamwambia ndiyo, na kabla ya kuigusa tulikuwa tunavua viatu. Akamwangalia mwenzake, nikaona wameshaamua kwamba uzee umenipanda kichwani. Kwa hivyo leo nitawaeleza habari ya viatu, na ya ng'ombe mmoja wa Siongiroi aliyeitwa Madam, halafu mtaamua wenyewe ni nani amechanganyikiwa.

Mimi ni Mkisii. Wazazi wangu walikuja huku kuchuma majani chai, nikazaliwa kambini, na Kericho ndiyo kwetu. Kazi nilifundishwa na Fundi Nyakundi, Mungu amlaze pema, ambaye duka lake lilikuwa nyuma ya hadiwea moja hapo mjini. Nilipofika kuomba kazi hakuniuliza nimesoma wapi. Alinitazama miguuni. "Wewe msichana, una miguu safi?" Nikadhani mzee ana tabia mbaya, nikataka kugeuka nirudi kwa mama yangu. Kumbe alikuwa ananitayarisha.

Mnajua hii nchi yetu. Mvua hapa haigongi mlango. Kila mtu ana gambuti, buti zile ndefu za mpira: mchuma chai, mwalimu, mhubiri, bibi harusi akienda kisimani. Na baridi ile ya asubuhi inataka sweta, na sweta zetu nyingi ni nailoni tupu, ukiivua gizani unaona cheche. Sasa weka hizo mbili pamoja. Sweta inakupa umeme mdogo mdogo mwilini, huusikii wala huuoni. Ungekanyaga simiti kwa mguu mtupu, umeme huo ungeteremka chini kimya kimya ukaisha. Lakini umevaa mpira! Hauna njia. Unabaki umejikunyata kwenye ncha ya kidole chako, unangoja kitu cha kuruka juu yake. Ukigusa redio ya zamani, hakuna neno, ile ilikuwa na ngozi ngumu. Ukigusa jicho la mashine ya CD, umeliua.

Jicho ndilo jina tulilotumia kwa kile kitengo kizima kinachosoma diski: lenzi yake ndogo, leza iliyo chini yake, reli ambayo lenzi hutembea juu yake, na mota ya kuzungusha. Mashine za bei ya chini jicho lake ni la plastiki, likifa unaweka lingine ukipiga miluzi. Lakini mashine kubwa, zile za watu wanaokaa chini kusikiliza muziki bila kufanya kitu kingine, jicho lake ni jambo la kuombewa.

Basi sheria ya Fundi Nyakundi ilikuwa moja: "Vua gambuti, ndipo ushike jicho." Mlangoni palikuwa na safu ya gambuti za mafundi hadi siku moja mama mmoja akaingia akauliza kama tuna namba sita ya rangi ya kijani. Ndani tulikuwa tumesimama miguu mitupu kwenye simiti baridi, meno yanagongana, na mzee anatembea nyuma yetu akihesabu vidole.

Mwenzetu Wesley hakuamini. Wesley alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi wote, na mtu mwenye mkono mwepesi huwa na kichwa kigumu. "Hizo ni imani za wazee," akasema. Siku hiyo kulikuwa na jua, baada ya wiki kavu, na alikuwa na sweta mpya ya nailoni ambayo mchumba wake alimfumia. Akachukua jicho jipya la mashine ya klabu moja ya wakubwa, akalitoa kwenye mfuko lililokuja nao, akiwa na gambuti zake miguuni kama chifu. Hakuna kilicholia. Hakuna moshi. Alilifunga vizuri kabisa, skrubu zote mahali pake, akabonyeza, na mashine ikasema hakuna diski. Akaweka diski nyingine. Hakuna diski. Fundi Nyakundi hakupiga kelele. Alilitoa lile jicho lililokufa, akapigilia msumari ukutani juu ya kiti cha Wesley, akalitundika hapo. Likamwangalia mpaka alipooa. Na baadaye ni Wesley huyo huyo aliyekuwa mkali kutuzidi wote. Niliambiwa hata nyumbani kwake mgeni akikaribia redio alikuwa anaulizwa habari ya viatu.

Sasa msije mkadhani kila mashine ikikataa kusoma inataka jicho jipya. Hapo ndipo nyinyi vijana mnaponikasirisha. Kitu kikikohoa tu, mnataka kukizika! Anza na vitu vidogo. Droo haifungi? Angalia mkanda wa mpira, mara nyingi umelegea tu. Diski inarukaruka? Grisi ya kwenye reli imekauka ikawa kama gundi, ifute, paka nyingine kidogo. Haisomi kabisa? Futa lenzi kwa pamba na spiriti, polepole, kama unafuta jicho la mtoto aliyelala. Na usichungulie leza ikiwaka, hata kama wewe ni mwanaume wa namna gani. Mwalimu mmoja wa Fort Ternan alituletea mashine yake akiapa kwamba imekufa na tubadilishe kila kitu. Nilipofungua nikakuta chapati. Imekatwa mviringo, imekaa mahali pa diski sawasawa. Mjukuu wake alikuwa ameona babu anaweka kitu cha mviringo halafu nyumba inafurahi.

Haya. Madam.

Nilikuwa nimeshafunga duka, najifunza kukaa bila kazi, na sikuwa najifunza vizuri. Simu ikalia. Msichana akajitambulisha, anaitwa Cherono, anafanya kazi ya saluni Bomet, lakini kwao ni Siongiroi, na anapiga akiwa huko nyumbani. "Mama, wewe ndiye unatengeneza zile CD kubwa?"

"Nilikuwa," nikasema. "Ina shida gani?"

"Haisomi. Na kwa sababu haisomi, ng'ombe ya Mama imekataa kutoa maziwa."

Vijana, nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia apigie daktari wa ng'ombe. Lakini yeye hakucheka. Akaniambia, "Aki Mama, usicheke. Koito yangu ni wiki ijayo Jumamosi."

Hapo nikainuka. Nimekaa na Wakipsigis maisha yangu yote, najua koito si jambo la kuchezea. Ndiyo siku wazee wa kijana wanakuja nyumbani kwa msichana, wanakaa, wanaongea, na undugu unafungwa. Na wageni hao hawapewi soda. Wanapewa mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu siku kadhaa mpaka yakawa na ukali wake na weusi wake wa mkaa. Maziwa yakikosekana wiki hii, wiki ijayo hakuna mursik.

"Si mnunue kwa jirani?" nikauliza.

"Hivyo ndivyo nilimwambia Mama. Hajaongea na mimi tangu jana."

Ndani ya boksi chini ya kitanda changu kulikuwa na jicho moja jipya. Moja tu. Nililiagiza zamani pamoja na lingine, lile likatumika, hili likabaki, na nikalihifadhi kwa sababu viwanda vyenyewe viliacha kuyatengeneza. Siku hizi wakikuuzia jipya, ni la zamani limepakwa spiriti likang'aa. Nikamwomba Cherono anisomee jina lililo mgongoni mwa mashine. Akasoma herufi na namba. Ilikuwa ni ile ile ya jicho langu la chini ya kitanda.

Nikachukua boksi lile na vifaa vyangu, nikachukua na chuma cha kusolda cha Fundi Nyakundi, kile cha kizamani, kipande cha shaba chenye mpini wa mti. Sikukichukua kwa kazi. Mzee alinipa alipokuwa anafunga duka, na huwa sisafiri bila hicho, kama vile wengine hawasafiri bila Biblia. Asubuhi yake nikaenda Siongiroi.

Huko ni joto na pakavu kuliko kwetu, vumbi linakufuata mpaka kwenye chai. Mama yake Cherono nilimkuta zizini. Kule mama huitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hivyo yeye ni Bot Cherono. Mwanamke mrefu, maneno machache, gambuti hadi magotini. Kando yake alisimama Madam, ng'ombe wa gredi, wa kizungu, mweusi na mweupe, matiti yamejaa mpaka huruma. Madam alinitazama kuanzia juu hadi chini, akageuza kichwa.

"Daktari alikuja," Bot Cherono akaniambia. "Akasema hii ng'ombe haina ugonjwa. Akauliza kama nimebadilisha mtu ya kukamua. Nikamwambia mtu ni mimi tu. Lakini inaficha maziwa. Inatoa kikombe, halafu inafunga."

Nikauliza mashine inaingilia wapi. Akanionyesha dirisha la sebule, linaloangalia zizi. Marehemu mume wake, Mzee Langat, alikuwa dereva wa meneja mmoja wa shamba la chai, na meneja alipokuwa anarudi kwao alimpa zawadi ile mashine na spika zake mbili, zinazofika mtu kiunoni. Mzee akaziweka dirishani. Kila jioni wakati wa kukamua aliweka diski ya kwaya ya kanisa lao, ambayo yeye mwenyewe aliimba ndani, sauti ya besi. Yeye anakaa dirishani anaimba na mashine, mke wake anaimba zizini akikamua, na Madam, aliyezaliwa katikati ya hayo, akajua kwamba maziwa hutoka hivyo. Mzee akafariki mwaka juzi. Bot Cherono akaendelea na diski. Mpaka mashine ikaanza kurukaruka, kisha ikasema hakuna diski.

"Lakini Mama, nilikuwekea kwa simu," Cherono akasema. "Nilirekodi nyimbo zote kabla mashine haijakufa. Nikakununulia na kaspika kadogo."

"Madam alipiga ndoo teke," mama yake akajibu.

"Ni nyimbo zile zile."

"Kwa simu Mzee hayuko."

"Mama, ni zile zile!"

"Nimesema hayuko." Akachukua ndoo yake akaingia jikoni.

Cherono akaninong'oneza, macho yamejaa maji, "Tangu Baba aende, wakati mwingine anasema vitu. Mimi naogopa, Mama. Naolewa niende, nimwache na ng'ombe na maneno kama hayo?" Kulikuwa na kitu kimenigusa kichwani, lakini fundi asikimbilie kusema. Nikamfuata mama yake jikoni.

Bot Cherono alikuwa amekaa karibu na moto, ameshika kibuyu. Alikuwa anachoma kijiti cha mti wa senetwet, kikiwa kaa jekundu anakisugua ndani ya kibuyu, ndicho kinachompa mursik ladha yake. Kibuyu kilikuwa kimeoshwa, kinanukia vizuri, kitupu.

"Unatayarisha kibuyu na maziwa hakuna?" nikamuuliza.

"Natayarisha. Ikikosa, isikose upande wangu." Akakipulizia jivu. "Mzee alipokuwa mgonjwa aliniambia, kibuyu ya siku ya Cherono itoke kwa Madam. Aliniuliza, utafanya? Nilimwambia ndiyo."

Hapo, vijana, mzaha wote ukanitoka. Mimi pia nimezika mume. Neno ulilompa mtu aliye kitandani halina wa kukusamehea baadaye. Nikasimama. "Bot Cherono," nikamwambia, "vua gambuti."

Akaniangalia kama Madam alivyoniangalia. Nikamweleza. Akavua. Nikamwambia Cherono avue sweta yake ya manyoya na viatu. Huyo ndiye aliyeleta shida, kwa sababu alikuwa ameshapakwa kucha za koito, nyekundu, na hakutaka kukanyaga vumbi. "Chagua," nikamwambia, "kucha au mursik." Akavua. Tukaingia sebuleni wanawake watatu miguu mitupu kwenye simiti, nikaifungua mashine.

Wee! Hiyo ilikuwa mashine. Kifuniko cha aluminiamu nene, transfoma mbili, nyaya zimepangwa kama nywele za mtoto siku ya Krismasi. Nikajaribu kwanza vitu vidogo, msidhani niliruka sheria zangu mwenyewe. Mkanda mzima. Grisi nikabadilisha. Lenzi nikafuta. Nikabonyeza: lenzi inapanda, inashuka, inatafuta, lakini haioni. Leza ilikuwa imechoka. Jicho lilikuwa limezeeka, na sikulilaumu, nami langu ni hivyo hivyo.

Nikaomba trei ya mayai. Hiyo ndiyo siri ninayowapa bure: kila hatua unayofungua, skrubu zake zinakaa shimo lake, na ukirudi unarudi kwa mpangilio huo huo. Utepe wa nyaya usiuvute. Inua kwanza kile kibano chake kidogo kwa ukucha, utatoka wenyewe. Nikatoa jicho la zamani pamoja na mipira yake inayozuia mtikisiko. Nikaweka jipya. Nikachomeka utepe. Kikabaki kitone.

Sikilizeni sana hapa. Jicho jipya linatoka kiwandani na kitone cha solda, ile risasi ya kuungia nyaya, kimewekwa makusudi kwenye saketi yake, kidogo kama punje ya wimbi. Kile ni kufuli. Umeme wa mwilini mwako ukija, unapita kwenye kitone, leza haiguswi. Chomeka utepe kwanza, ndipo ukiyeyushe. Ukitangulia kukitoa, kama Wesley alivyofanya na gambuti zake, umemfukuza mlinzi na geti liko wazi. Na ukisahau kukitoa, mashine itakwambia hakuna diski mpaka Yesu arudi.

Nikachomeka chuma changu cha umeme ukutani, na wakati huo huo stima ikapotea.

Cherono akaanza kulia. Nje Madam akalia pia, maana saa ya kukamua ilikuwa inakaribia na matiti yanamuuma. Bot Cherono hakulia, ila alisimama katikati ya sebule yake na mikono imelegea, na kwa mara ya kwanza akaonekana mzee. Halafu nikakumbuka kilichokuwa ndani ya mkoba wangu, nikaanza kucheka peke yangu.

"Bot Cherono, ule moto wa kibuyu bado uko?"

Fundi Nyakundi alijifunza kazi kabla stima haijafika kila mahali. Alikuwa akisolda kwa mkaa, na alituambia kwamba chuma cha mkaa kina heshima moja ambayo chuma cha stima hakina: hakileti umeme wa ukutani kwenye kazi yako. Joto tu, basi. Nikakiweka kile cha shaba kwenye makaa ya senetwet. Kikapata joto, nikakigusisha kitambaa chenye maji kikasema chaa, nikakifuta, nikakimbia nacho sebuleni. Cherono akanimulikia kwa tochi ya simu. Nikamwambia hata simu leo imepata kazi yake. Nikaegemeza kidole cha mwisho kwenye chuma cha mashine ili mkono utulie, nikazuia pumzi, nikagusa. Kitone kikang'aa, kikapanda kwenye shaba, kikaondoka.

Tukafunga kila kitu. Kilichobaki kilikuwa kungoja stima. Bot Cherono akaenda zizini hata hivyo, akamwosha Madam matiti kwa maji ya moto, akakaa kwenye kigoda chake, akangoja. Mimi nikakaa dirishani. Cherono alisimama mlangoni na ndoo ya pili, miguu yake imejaa vumbi jekundu mpaka kucha hazionekani.

Watoto wa jirani ndio waliotuambia, kwa ile kelele ya "Imerudiii!" Nikabonyeza. Droo ikatoka. Nikaweka diski. Ikaingia, ikazunguka, na mimi nikawa naomba kwa Kikisii, Kiswahili na Kiingereza. Namba za nyimbo zikatokea zote.

Kwaya ikaanza na akina mama. Sauti nzuri, safi. Madam akainua kichwa. Hakuna kitu kingine. Kisha zile spika kubwa zikapumua, na chini ya hizo sauti ikaingia besi, nzito, ya taratibu, mpaka vioo vya dirisha vikatikisika.

Cherono akaweka ndoo chini. "Huyo ni Baba," akasema. Halafu tena, kwa sauti ya mtoto mdogo, "Mama, huyo ni Baba!"

Hapo ndipo nilipopata uhakika wa kile kilichokuwa kinanigusa kichwani. Kaspika kadogo hakawezi kutoa besi, vijana. Hakana kifua. Kanakupa akina mama, kanakupa vijana wa sauti ya kati, na sauti ya chini kabisa kanaimeza. Kwenye simu kwaya yote ilikuwepo isipokuwa Mzee Langat. Bot Cherono alikuwa anasema ukweli mtupu, wa kifundi kabisa, na binti yake alikuwa anamwogopea akili. Nilimweleza Cherono. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Nimekuwa nikimwambia ni zile zile," akasema. "Siku zote hizo nimekuwa nikimwambia ni zile zile." Akalia, lakini kulia kwa kufurahi, mimi pia nikamsaidia kidogo.

Zizini Bot Cherono hakugeuka. Aliegemeza kichwa ubavuni mwa Madam, akaingia kwenye wimbo pale pale alipotakiwa kuingia, juu ya sauti ya mume wake, na maziwa yakaanza kupiga ndoo. Yalipiga mpaka sauti ikabadilika kwa sababu ndoo imejaa. Cherono akakimbia na ya pili.

Baadaye nikamuuliza, "Sasa Madam alikuwa anataka besi, au alikuwa anataka wewe uimbe?"

Akafikiri. "Mimi bila Mzee siwezi kushika sauti," akasema. "Mikono pia inakuwa ngumu. Ng'ombe inajua mikono." Kisha akacheka, na nikaona kwamba binti yake amechukua kicheko kwake. "Fundi, kwani unataka kujua kila kitu?"

Jumamosi ya koito nikaalikwa. Nilifika nimechelewa, na mlangoni nikakuta kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu barabarani. Viatu. Safu nzima ya viatu. Viatu vya ngozi vya wazee wa upande wa kijana, viatu vya visigino vya shangazi zake, gambuti za waliotoka mbali. Bot Cherono alikuwa amesimama hapo, amevaa vizuri, uso mkavu kabisa, anamwambia mzee mmoja mwenye fimbo, "Ndani kuna mashine ya Mzee. Vua." Na mzee yule, baba mkwe mtarajiwa wa Cherono, anainama kufungua kamba. Nilitaka kumwambia kwamba mashine ikishafungwa haina haja ya miguu mitupu. Nikaona haya. Nikavua zangu.

Ndani walikuwa wamekaa pande mbili, soksi zenye matundu na zisizo na matundu, na niwaambie, watu wakishaonana vidole hawawezi tena kubishana kwa ukali. Mazungumzo yalienda vizuri sana. Kwaya ilikuwa inaimba polepole dirishani.

Kibuyu kikaletwa. Bot Cherono akakitikisa, akamimina kikombe cha kwanza, cheupe chenye weusi wake wa mkaa, na wageni wote wakanyoosha shingo kuona kitaenda kwa nani. Hakumpa mtu. Alitembea nacho miguu mitupu mpaka dirishani, akakiweka juu ya spika, kando kabisa ya mashine.

Vijana wangu, mimi ni fundi. Kitu cha majimaji juu ya spika, karibu na transfoma mbili na jicho la mwisho katika nchi hii! Mdomo ulikuwa umeshafunguka nipige kelele. Nikaufunga.

Alipokuwa anarudi kumimina vya wageni alipita karibu yangu, akainama kidogo. "Nilimwambia ndiyo," akasema.